Wifi Amemaliza Deni, Kadi Bado Inadai

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia saa tano usiku. Watoto wamelala na stetimenti ya kadi nimeificha chini ya kopo la sukari, utadhani kuna mtu wa kuitafuta. Nyumba hii tunaishi mimi na wanangu wawili tu.

Nina miaka 36, nakaa Umoja, Nairobi, na nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya Upper Hill. Miaka mitatu iliyopita vijana wa mauzo wa benki walikuja ofisini kwetu na fulana zao zenye nembo, wakatujazisha fomu saa ya chakula cha mchana. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu nikachukue kadi ya mkopo, kikomo shilingi 250,000. Sikuwa nimewahi kushika hata nusu ya hizo kwa mkupuo mmoja. Mwaka wa kwanza niliitumia kwa adabu. Nanunua vitu vya supamaketi, mshahara ukiingia nalipa vyote, riba siioni. Nikajiona mjanja.

Novemba ya mwaka juzi kakangu alisimamishwa kazi. Mke wake, wifi yangu, ni fundi wa nguo Kayole, anashona sare za shule. Alikuwa na cherehani moja tu ya kukanyaga kwa mguu. Akasikia kuna fundi River Road anafunga duka, anauza cherehani mbili za umeme na ovaloki, zote kwa 120,000, ila anataka pesa mkononi na anataka wiki hiyohiyo. Wifi alikuja kwangu akalia, naye si mtu wa kulia. Nikamwambia, "Usijali wifi, nina kitu kidogo benki."

Sikumwambia kitu hicho ni kadi. Muuzaji hakuwa anapokea kadi, kwa hiyo nikaenda ATM siku tatu mfululizo nikatoa 40,000 kila siku. Kila nilipotoa nilikatwa ada ya 2,000, nikadhani ndiyo mambo ya benki. Tukaelewana na wifi anirudishie 10,000 kila mwezi.

Mshauri, wifi hajawahi kuchelewa. Kila tarehe tano simu inalia, M-Pesa imeingia, "asante wifi". Kuna miezi najua walishindia sukuma na ugali ili ile elfu kumi itimie.

Sasa Krismasi tulikutana kwa Mama, Makueni. Baada ya kula wifi akasimama. Akasema anataka kunishukuru mbele ya wote, kwamba nilimkopesha laki moja na ishirini na mwezi wa Novemba amemaliza shilingi ya mwisho. Mama akapiga vigelegele, akatuwekea mikono kichwani sote wawili akatubariki. Kakangu akanikumbatia. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Stetimenti ya Januari inasema nadaiwa 97,400.

Benki inatoza asilimia 3.5 kwa mwezi. Nikipiga simu naambiwa akaunti yangu iko sawa kwa sababu kima cha chini nimelipa kila mwezi, isipokuwa mara moja nilipochelewa siku mbili nikapigwa faini. Niseme ukweli wote. Kuna miezi mitatu pesa ya wifi iliingia nikiwa nimebanwa na kodi na karo, nikapeleka benki kima cha chini tu, ambacho kwetu ni asilimia 5 ya deni, iliyobaki nikaitumia. Kadi pia sikuacha kuiswaipu: sabuni, maziwa, viatu vya shule. Nadhani kwa mwaka mzima haifiki 35,000. Mara mbili nimelipa kima cha chini kwa Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa.

Mdogo wangu, ambaye peke yake anajua haya, anasema deni ni la wifi, kwa kuwa cherehani anazo yeye na mimi sina hata uzi. Rafiki yangu wa kazini anasema niache kulipa, benki watachoka wenyewe. Nina akiba ya 60,000 kwenye Sacco ya kazini na sijawahi kukopa huko, naogopa kuanza deni lingine. Moyo wangu unaniambia ninyamaze. Lakini juzi wifi alinitumia picha ya rundo la sare, amepata oda ya shule nzima. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, halafu nikajikuta nahesabu faida yake. Sijawahi kujichukia vile.

Deni hili ni la nani? Na nikisema, nitaanzia wapi baada ya baraka zile?

Mwenye Kopo la Sukari, Umoja

*

Mpendwa Mwenye Kopo la Sukari,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo. Wewe unauliza deni ni la nani, na mdogo wako ameshakujibu. Mimi nitakuomba kwanza tukae pamoja juu ya hiyo stetimenti, kwa sababu naona humo ndani kuna madeni matatu yaliyovaa nguo moja, na nadhani sehemu ya hasira unayojichukia nayo inatokana na kutoyatenganisha.

Nianze na ule mwaka wako wa ujanja. Ulikuwa mjanja kweli, wala usijicheke. Ukinunua kitu dukani kwa kadi ya mkopo, na stetimenti ikija ukalipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, benki haikutozi riba. Ndizo zile siku hamsini na kitu zinazotangazwa. Huzipati zote hamsini kila mara. Ukinunua siku moja baada ya stetimenti kufungwa, unazipata karibu zote, na ukinunua siku moja kabla, unapata sehemu tatu au nne tu kati ya kumi za siku hizo. Hata hivyo muda ule ni wa bure kweli. Benki inavumilia kwa sababu duka nalo hukatwa sehemu ya kila mauzo ya kadi, na kwa sababu inajua wengi wetu siku moja tutashindwa kulipa lote. Biashara yenyewe ilianza hivyo. Mwaka 1958 benki moja kubwa ya Marekani, Bank of America, iliwatumia watu 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuwa wameziomba. Kutoka kwenye kadi hizo ndiko ilikotokea Visa. Vijana wenye fulana waliokuja ofisini kwenu wana ukoo mrefu.

Mambo yalibadilika pale ATM. Benki haihesabu kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo kuwa ununuzi. Inahesabu kuwa umechukua mkopo wa fedha, na mkopo huo hauna siku za bure. Ada inakatwa palepale na riba inaanza kutembea siku hiyohiyo. Kwa hiyo usiku ule wa tatu ulipolala, hukuwa unadaiwa 120,000. Ulikuwa unadaiwa 126,000, na saa ilikuwa inahesabu.

Asilimia 3.5 inasikika kama kitu kidogo. Kwa 126,000 ni shilingi 4,410 mwezi wa kwanza. Wifi alipokutumia elfu kumi yake ya kwanza, hata kama uliipeleka benki yote, 5,590 tu ndizo zilizogusa deni. Na riba isipolipwa nayo huzaa riba. Ukiacha deni la namna hiyo likae mwaka mzima bila kulipa chochote, linakua kwa asilimia 51, wala si 42 kama unavyoweza kudhani ukizidisha mara kumi na mbili.

Sasa lile deni la kwanza, la cherehani. Nimechukua 126,000, nikaweka riba yako, nikatoa elfu kumi kila mwezi mara kumi na mbili kana kwamba hakuna hata shilingi iliyopotea njiani. Mwishoni zinabaki 44,000 na ushee. Maana yake ni kwamba ili cherehani ziishe kwenye kadi, wifi angehitaji kulipa miezi 17.

Deni la pili ni ile miezi mitatu. Ulilieleza kwa sentensi moja, nami nakupongeza kwa kulieleza, lakini hebu tuitazame. Wifi alituma elfu kumi, benki ikapokea kama nusu, nusu nyingine ikalipa kodi na karo. Hiyo nusu wifi ameshailipa. Haiwezi kurudi kwake tena kwa jina la riba.

La tatu ni sabuni na viatu vya shule. Hapa kuna mtego ambao watu wengi hawauoni. Ukishabeba deni la mwezi uliopita, zile siku za bure za manunuzi hupotea nazo. Maziwa uliyonunua Machi yalianza kulipiwa riba siku uliyoyanunua. Kwa hiyo hiyo 35,000 imekuwa kubwa kuliko unavyokumbuka, na faini ya kuchelewa iko humohumo.

Ukijumlisha hayo matatu unafika karibu na 97,400 yako. Chini ya nusu ndiyo ya cherehani.

Nadhani sasa unaona kwa nini sikutaka kumkubalia mdogo wako haraka. Yeye anasema cherehani anazo wifi, na ni kweli. Lakini mlikubaliana nini, wewe na wifi? Mlikubaliana 120,000, elfu kumi kwa mwezi. Ametimiza neno lake mpaka shilingi ya mwisho, huku akila sukuma. Riba hakuwahi kuisikia, kwa sababu ulimwambia una kitu kidogo benki. Mdogo wako akimwendea na hiyo 97,400 kabla yako (na siri ya watu wawili katika familia ina miguu, unajua), wifi atasikia kwamba amedanganywa na kudaiwa kwa wakati mmoja.

Naomba usinisome kana kwamba nakushtaki. Nawajua dada wa Nairobi. Nyumbani wanakuona umepiga pasi, unafanya kazi kwenye jengo lenye lifti, na wewe mwenyewe unaanza kuamini kwamba mtu akilia mbele yako lazima uwe nacho. Hukutaka kumwambia wifi, "Sina, lakini naweza kukukopea." Lakini fikiria kidogo kama ungemwambia hivyo. Pengine angesema asante, tutalipa miezi 17. Pengine angemshawishi yule fundi amuuzie cherehani moja kwanza. Pengine angekataa kabisa. Uamuzi huo ulimfanyia wewe, kwa upendo. Ndiyo sehemu ninayoona ni ngumu kuliko pesa, na ndiyo inayokufanya uhesabu faida ya sare zake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwenu kulipa nako kulikuwa harusi, vigelegele na baraka, matanga ukaachiwa peke yako jikoni.

Tuje kwa rafiki yako wa kazini, nisikawie kwake. Benki hazichoki. Ukiacha kulipa, faini zinajazana, simu za wakusanya madeni zinaanza, na jina lako linapelekwa CRB, wale wanaotunza kumbukumbu za wakopaji, kama mtu asiyelipa. Hata ukija kulipa baadaye, kumbukumbu hiyo inaweza kubaki miaka mitano. Ipo sheria hapa Kenya, tangu mwaka 2007, inayozuia riba ya mkopo ulioharibika kupita kiasi cha mkopo wenyewe ulipoharibika, na huenda ndiyo aliyoisikia nusunusu. Sheria hiyo huanza kukusaidia ukiwa umeshaumia.

Fuliza nayo uiweke mbali na hili. Ina ada ya kila siku, na ukiitumia kulipa kima cha chini unazima jiko kwa mafuta ya taa. Na kuhusu hicho kima cha chini chenyewe: ulipoambiwa akaunti yako "iko sawa", hawakukudanganya. Iko sawa kwa benki. Wewe ukilipa asilimia 5 na riba ni 3.5, deni linapungua kwa kiasi ambacho safari moja ya supamaketi inakirudisha.

Unaogopa Sacco kwa sababu ni deni jipya. Naielewa hofu hiyo, lakini nina wasiwasi nayo, maana deni tayari unalo na swali lililobaki ni likae wapi. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu, na hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Kaulize yenu. Kama ni hivyo, mkopo wa 97,000 kwa mwaka mmoja unalipwa kwa kama 8,600 kila mwezi, na riba yote ni 6,500 hivi. Hizohizo 8,600 ukizipeleka kwenye kadi, bila kuiswaipu hata mara moja, utalipa karibu miezi 15 na riba itafika 29,000. Upande wa pili wa Sacco ni wadhamini. Wenzako wa kazini wataweka sahihi, na ukiyumba, akiba zao zinayumba nawe. Na kuna jambo nimeliona mara nyingi mno: mtu anakopa Sacco, anaisafisha kadi, kadi inang'aa na kikomo chake cha 250,000, na kufikia Agosti ana madeni yote mawili. Ukienda njia hii, waandikie benki wakushushie kikomo kiwe kitu cha supamaketi tu, au uifunge. Kama Sacco haitawezekana, iulize benki iwapo inaweza kugeuza salio la kadi kuwa mkopo wa awamu wenye riba ndogo kuliko hii. Baadhi hukubali, hasa kwa mtu ambaye hajaacha kulipa. Soma ada za kugeuza kabla ya kuweka sahihi.

Kila mwezi unaongezewa riba inayozidi shilingi 3,000, kwa hiyo hilo la wapi deni likae linaweza kutangulia. La wifi linaweza kusubiri wiki mbili. Lisisubiri Krismasi nyingine.

Unaweza kunyamaza na kulipa. Kuna heshima katika kunyamaza, na kuna watu wanaoweza kutoa 44,000 kama zawadi kwa kaka yao aliyepoteza kazi na wasiikumbuke tena. Ukijiona wewe ni wa namna hiyo, basi iite zawadi moyoni leo, ifungwe. Ila ile picha ya sare inanipa shaka. Zawadi ambayo bado unaihesabu itakuja kutoka siku ya ugomvi, tena mbele ya watu.

Unaweza kumwambia na kumwomba msaidiane ile sehemu ya cherehani. Hatari yake ni kwamba atakuwa na haki ya kukasirika, na anaweza kulipa kwa aibu huku mlango kati yenu ukifungwa taratibu. Kakako naye anaweza kuona umemdhalilisha mkewe. Na kama utamwomba, sidhani unaweza kumwonyesha riba bila kumwonyesha pia ile miezi mitatu. Akija kuigundua baadaye mwenyewe, hata yale ya kweli uliyosema yatakuwa ya uongo.

Ipo pia njia ambayo hukuitaja, ya kumwambia bila kuomba kitu. Sijui kama ni rahisi kuliko hizo nyingine, pengine ni ngumu zaidi kwa mtu aliyezoea kuwa ndiye mwenye nacho. Lakini inampa nafasi ambayo hakupewa mara ya kwanza. Anaweza kusema pole tu. Anaweza kushona sare za wanao mwaka huu bila malipo na mkahesabu hivyo. Anaweza kukasirika, kisha akapiga simu tarehe tano.

Baraka za Mama usizihofu sana. Mama aliwabariki kwa kupendana na kutimiza ahadi, na hakukagua stetimenti.

Ukiamua kusema, usiende Jumapili nyumba ikiwa imejaa, wala usimpigie simu. Msimu wa kufungua shule ukipoa, nenda kibandani kwake jioni, cherehani zikiwa zimefunikwa. Chukua hiyo karatasi, uwe umezungushia kalamu yale madeni matatu, la kwake na ya kwako. Na kama maneno yatagoma, sentensi ya kwanza inaweza kuwa fupi: "Wifi, zile pesa hazikuwa zangu." Baada ya hapo mwachie nafasi aulize. Najua utatamani kujaza kimya hicho kwa ahadi kwamba wewe utamaliza yote. Subiri kidogo. Msikie kwanza.

Wako,
Mshauri